Wasomaji Wanauliza: Kata ya kwetu na kata ya kwao

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwenye klabu za karate za Mwanza na majirani zetu wa ziwani. Karibu zote zinahusu kata, yaani ule mfululizo wa hatua, makingo, ngumi na mateke ambao mtu huufanya peke yake bila mpinzani. Watu wanataka kujua kata zilianzia wapi, nani alizibadili, na kwa nini zinatofautiana kutoka klabu moja hadi nyingine.

Mhariri, shikamoo. Nacheza karate ya mtindo wa Shotokan hapa Buzuruga. Binamu yangu yuko Bukoba, klabu yao ni ya mtindo wa Shito-ryu. Alipokuja likizo tukasimama uani tuonyeshane kata ya kwanza. Mimi nikafanya Heian Shodan. Yeye akafanya ile ninayoijua kama Heian Nidan, tena anaiita Pinan Shodan, na pale ninapopiga teke la pembeni yeye anapiga la mbele. Nani kafundishwa vibaya? (Msomaji, Buzuruga)

Marahaba. Hakuna aliyefundishwa vibaya.

Kata tano za Pinan alizitunga Itosu Anko (1831–1915), mtu wa Shuri, mji wa wafalme wa Ryukyu. Visiwa hivyo Japani ilivimeza rasmi mwaka 1879 na kuviita mkoa wa Okinawa. Mwaka 1901 karate iliingia katika shule ya msingi ya Shuri, na Itosu ndiye aliyeshika kazi hiyo. Tatizo lake lilikuwa wazi: kata za watu wazima zilikuwa ndefu mno kwa watoto. Kushanku peke yake, kwa hesabu ya Shotokan ya leo, ina mijongeo 65. Akatunga tano fupi, na mwenye jicho akizitazama ataona vipande vya Kushanku na vya Passai, kata nyingine ya zamani, vimepandikizwa ndani yake.

Mwanafunzi wa Itosu, Funakoshi Gichin (1868–1957), alikwenda kuonyesha karate Tokyo mwaka 1922 na hakurudi kuishi Okinawa. Kule bara majina ya nyumbani kwao yaliwashinda watu, na kadiri miaka ya 1930 ilivyosonga, jina lolote lililosikika kama la Kichina lilizidi kutazamwa kwa jicho baya. Funakoshi akayabadili. Herufi mbili zilezile ambazo Okinawa husomwa "Pinan", kwa Kijapani cha Tokyo husomwa "Heian", maana yake amani. Naihanchi ikawa Tekki, Kushanku ikawa Kanku, Chinto ikawa Gankaku, Wanshu ikawa Enpi, Seisan ikawa Hangetsu. Sisi wa huku hatuna haja ya kushangaa sana: Mwanza yenyewe husemwa kuwa ni Nyanza iliyowashinda wageni kutamka.

Hata neno "karate" lilipitia njia hiyo. Zamani liliandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa China". Hanashiro Chomo alitumia herufi za "mkono mtupu" tangu 1905, lakini ni katika kikao cha walimu kilichofanyika Naha, Okinawa, mwezi Oktoba 1936 ndipo maandishi hayo yalipokubaliwa kuwa ya wote.

Pamoja na majina, Funakoshi alipindua mpangilio. Pinan Nidan ya Itosu ni nyepesi kuliko Pinan Shodan, kwa hiyo akaitanguliza. Shito-ryu ya Mabuni Kenwa (1889–1952), naye mwanafunzi wa Itosu, ikabaki na utaratibu wa mwalimu. Watu wa mtindo wa Wado-ryu wamesimama katikati: wameyaacha majina kama yalivyo, lakini wengi wao humwanzisha mwanafunzi na Pinan Nidan.

Teke la pembeni lililetwa na watu wa Shotokan, na mabadiliko mengi ya namna hiyo yanatajwa kwa jina la Yoshitaka (1906–1945), mwana wa Funakoshi, aliyeshusha misimamo chini na kupanua hatua. Kwa Itosu teke lilikuwa la mbele. Mtazame binamu yako pia anapokinga kwa kiganja kilicho wazi: ataweka uzito karibu wote mguu wa nyuma, kisigino cha mbele juu, msimamo mfupi wa paka. Wewe hukaa kwenye kokutsu-dachi ndefu, karibu asilimia 70 nyuma. Ni kingo lilelile limevaa nguo mbili.

Onyo moja tu. Msichanganye. Mwenye kuingia kwenye mtihani wa mkanda wa Shotokan na msimamo wa paka katika Heian Nidan atakatwa alama, na binamu yako akipeleka teke la pembeni Shito-ryu, vivyo hivyo.

Mwanangu ana miaka 9, anajifunza karate Nyakato. Kabla ya kata anainama kuelekea ukuta wenye picha ya mzee wa Kijapani. Jirani ameniambia hizo ni ibada za mahekalu ya China na kila hatua ni dua. Nimtoe? (Mama, Nyakato)

Hatua za kata si dua, mama. Ni kukinga, kupiga, kukwepa na kushika. Wajapani huinama wakikutana njiani, wakinunua samaki sokoni, wakiagana kituoni. Binti wa Kisukuma akipiga goti kumsalimia mkubwa hamwabudu, na huku ni vivyo hivyo. Yule mzee wa ukutani kwa kawaida ni mwanzilishi wa mtindo wa klabu: kwa Shotokan ni Funakoshi, kwa Goju-ryu ni Miyagi Chojun. Mwulize mwalimu jina lake. Mwalimu mzuri atakujibu papo hapo, na ukimwambia kuwa mtoto wako atasimama wima kwa heshima badala ya kuinama mbele ya picha, halipungui kitu kwenye kata.

Kuhusu China, jirani yako ana kipande cha ukweli. Tangu mwaka 1392 palikuwa na mtaa wa Wachina huko Naha, Kumemura, na kwa karne nyingi meli za Ryukyu zilikwenda Fuzhou, mkoa wa Fujian, kufanya biashara na kupeleka zawadi kwa wafalme wa China. Mapigano ya Fujian, hasa mtindo wa Korongo Mweupe, yalisafiri kwa njia hiyo. Maandishi ya Kijapani ya mwaka 1762 yanamtaja Mchina mmoja aliyewaonyesha watu wa Ryukyu namna ya kupigana kwa kushika, na jina lake ndilo linalobebwa na kata ya Kushanku. Ila habari za watawa wa Shaolin kuzitunga kata hizi hazina mguu wa kusimamia. Na ile nyingine inayopendwa sana, kwamba wakulima walizitunga usiku kwa kuwa watawala wa Satsuma, Japani, waliovamia mwaka 1609, waliwanyang'anya silaha, nayo haisimami: walimu tunaowajua kwa majina wengi wao walikuwa watu wa tabaka la maofisa, watumishi wa jumba la kifalme. Matsumura Sokon, mwalimu wa Itosu, alikuwa mlinzi wa wafalme.

Majina mengi ya kata za zamani ni tarakimu tu: Seisan ni 13, Niseishi ni 24, Sanseru ni 36, Gojushiho ni 54, Suparinpei ni 108. Tusikufiche: 108 ni namba inayoheshimiwa katika Ubudha, na Jion huandikwa kwa herufi zinazotumika katika majina ya mahekalu. Asili ya jina ni hiyo. Ndani ya kata yenyewe mtoto hafanyi ibada yoyote.

Nafanyia mazoezi nje ya nyumba, Igogo, kwenye uwanja wa simenti wenye mteremko kidogo. Kila nikimaliza Heian Shodan najikuta nyuma ya pale nilipoanzia, karibu hatua nzima, na mara nyingine pembeni pia. Mwalimu anasema nirudi mahali palepale. Nakosea wapi? (Mkanda wa njano, Igogo)

Tunalipenda swali hili kwa sababu kosa lake linapimika.

Heian Shodan ina hesabu 21, yaani mijongeo 21, na mstari unaoukanyaga, embusen, una umbo la herufi I kubwa, yenye kichwa juu na kitako chini. Unakwenda kushoto, unageukia kulia, unapanda katikati, unakwenda pande mbili kule juu, unateremka katikati, kisha unamalizia na makingo manne ya kiganja wazi. Hatua tatu za kupanda (hesabu 7, 8 na 9, kukinga juu) hulipwa na hatua tatu za kuteremka (15, 16 na 17, ngumi). Hapo ndipo wengi hupotea. Mkono unapopanda kukinga kichwa, mwili nao hupanda, goti la mbele hunyooka, na hatua huwa fupi. Kwenye ngumi tatu mtu ana hamu, hujirusha mbele, na hatua huwa ndefu. Umepanda kwa hatua fupi, umeteremka kwa ndefu: lazima uishie nyuma ya mwanzo.

Chukua chaki. Simama, chora mstari mbele ya vidole vya miguu yote miwili. Fanya kata mara tatu kwa kasi yako ya kawaida bila kutazama chini, na kila ukimaliza weka alama ulipoishia. Kisha soma alama zenyewe. Ukiwa nyuma moja kwa moja, tatizo ni hatua tatu za kupanda na tatu za kuteremka. Ukiwa kushoto au kulia, tatizo ni mizunguko. Ukiwa kwenye mshazari, tazama zile hesabu nne za mwisho. Alama tatu zikiangukia mahali tofauti kabisa, bado urefu wa msimamo wako haujatulia na hakuna haja ya kutafuta kosa jingine kwanza.

Kwa msimamo wa mbele, zenkutsu-dachi, urefu uwe karibu mara mbili ya upana wa mabega, na upana uwe wa nyonga. Huo upana ndio unaosahaulika. Chora mstari mmoja mnyoofu na utembee hatua kumi huku kila mguu ukibaki upande wake. Ukiona mguu umekanyaga mstari, umesimama juu ya kamba, na hapo hata mtoto akikusukuma begani utayumba.

Mizunguko miwili mikubwa iko hesabu ya 10 na ya 18. Yote huzunguka kushoto, robo tatu ya duara, mguu wa kulia ukiwa mhimili na wa kushoto ukizunguka nyuma ya mgongo. Kosa la kawaida ni mguu wa kushoto kutua kwenye mstari mmoja na wa kulia, bila upana. Mwili unaanguka kidogo, mtu anauvuta mguu kuutafuta mizani, na hicho kijisogezo ndicho kinachokupeleka pembeni. Geuza kichwa kwanza, peleka kisigino cha kushoto mbali kuliko unavyodhani unapaswa, kisha ndipo nyonga zizunguke. Kwenye simenti chafu, usizunguke ukiwa umekandamiza mguu wa mhimili kwa uzito wote: unyayo unang'ang'ania, goti linajipinda, na maumivu ya ndani ya goti tunayoandikiwa kila mwezi huanzia hapo. Punguza uzito nusu sekunde, zungusha, kaa.

Hesabu 18 hadi 21: ya kwanza inatazama kushoto kwa mahali ulipoanzia, ya pili nyuzi 45 kuelekea mbele, ya tatu kulia, ya nne tena nyuzi 45 kuelekea mbele. Visigino viwe kwenye mstari mmoja. Ukimaliza, mguu unaorudishwa ni wa kushoto. Wa kulia haujongei. Wanaorudisha wa kulia hukosa hatua nzima na kulaumu sehemu nyingine za kata zilizokuwa sawa.

Kuhusu mteremko, usielekeze nguzo ya ile I juu na chini ya mlima. Ilaze kukata mteremko. Ukiteremka, hatua hurefuka yenyewe hata ukijizuia.

Hili la kurudi palepale ni mkazo wa nyakati za karibuni. Kuna kata za zamani zisizorudi hata kidogo, na ile miruko mitatu inayofunga Chinte ya Shotokan, walimu wengi wanaamini iliongezwa ili tu mtu arudi mwanzo. Lakini katika Heian Shodan mstari umepangwa ulingane, kwa hiyo ni kipimo halali cha miguu yako.

Nina miaka 41, Goju-ryu, Mkuyuni. Nikifanya kata ya Sanchin kwa nguvu kichwa kinagonga na naona nyota. Nimeona kwenye simu watu wa mtindo wa Uechi-ryu wakicheza Sanchin mikono wazi bila kukoroma. Ni kata moja? (Msomaji, Mkuyuni)

Mzizi ni mmoja, Fuzhou, njia ni mbili. Higaonna Kanryo (1853–1915) wa Naha alijifunza huko kisha akafundisha nyumbani. Mwanafunzi wake Miyagi Chojun (1888–1953) akaifanya Sanchin kuwa nguzo ya Goju-ryu. Kwenye mkono wao vidole vilikunjwa vikawa ngumi, na pumzi ikawa nzito ya kusikika. Uechi Kanbun (1877–1948) alikwenda Fuzhou mwaka 1897 na kurudi na Sanchin yenye viganja wazi na pumzi fupi. Hata ndani ya Goju-ryu ziko mbili: yenye kugeuka, inayohusishwa na Higaonna, na isiyogeuka, aliyoipanga Miyagi. Miyagi aliona pia kwamba ugumu peke yake hautoshi, akaipa Sanchin mwenza wake laini, Tensho.

Sasa hizo nyota. Tunasema hivi kwa uzito: nenda ukapimwe presha kabla hujaifanya tena kwa nguvu. Mtu anapokaza tumbo, shingo na uso huku amefunga pumzi, shinikizo la damu hupanda ghafla, na akiachia hushuka ghafla, ndipo macho yanapoona giza au nyota. Sanchin haikutaka pumzi ifungwe mahali popote. Mwenye presha, mwenye tatizo la moyo au la macho, na mjamzito, wafanye ile laini tu, na kwanza wamsikilize daktari.

Ukipata ruhusa, anza upya. Miguu upana wa mabega, kisigino cha mbele kiwe usawa wa vidole vya mguu wa nyuma, vidole vya mbele vitazame ndani kidogo, magoti yamelegea. Mkia wa uti wa mgongo uvute chini na mbele. Vuta pumzi kwa pua mkono ukirudi, itoe kwa mdomo ngumi ikienda, na pumzi iishe pamoja na ngumi, si kabla wala baada. Kaza kutoka chini: nyayo, mapaja, makalio, tumbo, kwapa. Ishia hapo. Shingo na taya vibaki laini, na kipimo chake ni rahisi: mwenzako akuulize jina lako katikati ya kata. Ukishindwa kujibu kwa sauti ya kawaida, umekaza koo. Sauti ile ya kukoroma wanayoiga vijana hutoka kooni, na hiyo ndiyo inayokuziba. Kwa wiki nne za mwanzo fanya kwa nusu ya nguvu, mara mbili tu kwa zoezi.

Na kule kupigwa mabegani na mapajani wakati wa Sanchin, kazi yake ni mwalimu kuonja kwa kiganja kama msuli umekaa. Watoto wasipigwe.

Nafundisha vijana Nyegezi. Tunapochambua kata wawili wawili, mmoja anapiga teke, mwingine anakinga chini kwa gedan barai. Mikono inavimba. Je, kweli wazee walikinga hivi? (Mwalimu, Nyegezi)

Mwalimu, mfupa wa mkono ukigongana na mfupa wa mguu, mkono ndio unaolia. Mikono ya vijana wako inasema kweli.

Bugobogobo huchezwa na majembe mkononi, na mtoto wa mjini ambaye hajawahi kulima anaweza kuicheza vizuri bila kujua kuwa mkono ule unatifua ardhi. Kata ilipoingia shuleni ilipatwa na jambo kama hilo. Itosu alikuwa akifundisha darasa zima la watoto kwa hesabu, si mtu mmoja uani usiku. Kukaba na kuvunja viungo si somo la watoto, kwa hiyo mwendo ulibaki na maelezo yake yakapewa sura nyepesi: hiki ni kingo, hii ni ngumi. Katika barua yake ya Oktoba 1908 yenye mambo kumi, Itosu mwenyewe alisisitiza kwamba mtu ajue kila mjongeo ni wa kazi gani. Darasani hilo ndilo lililodondoka njiani.

Ufunguo ni mkono unaorudi ubavuni, hikite. Wengi huurudisha mtupu. Ushikishe kitu. Chukua hesabu ya 3 ya Heian Shodan, gedan barai ya kulia. Mkono wako wa kushoto umeshika kifundo cha mkono wa mpinzani na unauvuta hadi nyonga yako, huku ukikizungusha ili kiwiko chake kitazame juu. Mkono wa kulia, ule "unaokinga", unashuka na sehemu ya karibu na kiwiko chako juu kidogo ya kiwiko chake. Mguu wa kulia unaingia. Anainama mwenyewe. Hapa kuna hatari: kiwiko kilichonyooka huvunjika kwa nguvu ndogo, kwa hiyo fanyeni polepole, mkandamizaji akandamize kwa uzito wa mwili bila kugonga, na mwenzake akipiga paja mara mbili, aachiwe papo hapo.

Kisha hesabu ya 4, ile nyundo ya ngumi. Mpinzani amekushika kifundo cha kulia. Wengi huvuta kwa bega na hawatoki. Leta kiwiko chako karibu na mbavu, rudisha mguu wa mbele nusu hatua ili mwili ndio uvute, zungusha mkono upande wa kidole gumba chake, kwa kuwa hapo ndipo mshiko una mlango, kisha nyundo inashuka kwenye mfupa wa kola. Mara kumi kila mkono bila ubishi, halafu mara kumi mwenzake akishika kwa nguvu kweli. Kijana akikwama, mtazame mguu. Karibu kila mara ameusahau.

Kwa teke lenyewe, wafundishe kutoka kwenye njia yake kwanza. Mkono uje baadaye kusindikiza.

Kata ziko ngapi jumla, na nijifunze ngapi? Pia kwa nini kwenye mashindano wanakanyaga kwa kishindo? (Kijana, Musoma)

Orodha ya Shirikisho la Karate Duniani ina majina 102, mengi yakiwa ndugu wa baba mmoja. Kitabu cha kwanza cha Funakoshi, cha 1922, kilikuwa na 15, naye alisimulia kwamba Naihanchi tatu zilimchukua miaka kumi. Kwa mkanda mweusi wa kwanza, Shotokan huhitaji tano za Heian, Tekki Shodan, na moja nzito kama Bassai Dai. Zifanye hizo ziwe zako.

Kishindo si sifa. Kwa kanuni za mashindano, kukanyaga kwa kelele, kujipiga kifua au nguo, na kupumua kwa mbwembwe ni makosa. Mkanda ukilegea hadi kushuka nyonga, nalo ni kosa, kwa hiyo ukaze kabla hujaitwa. Ukitaka kuona ukimya wenye nguvu, mtafute Kiyuna Ryo, mtu wa Okinawa, aliyechukua dhahabu ya kata ya wanaume kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021.

Tuko Ukerewe. Tunafanya kata ndani ya maji ya ziwa, usawa wa magoti, kuimarisha miguu. Ni vizuri? (Kikundi cha vijana, Nansio)

Tokeni majini. Kwenye kina hicho, hasa penye majani na maji yaliyotulia, ndipo wanapokaa konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache bila mtu kuhisi. Kichocho cha tumbo huharibu ini kwa miaka kabla hakijajitangaza. Kujipangusa baada ya zoezi hakutoshi. Kwa kuwa mmekwisha kuingia, nendeni kituo cha afya mkapimwe choo. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu, ila haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini.

Hata bila kichocho, maji hayafai kata: huinua mwili na kuuzuia mguu, kwa hiyo mnajifunza hatua ya kuburuta ambayo nchi kavu haipo. Tumieni mchanga mkavu, mbali na ukingo, dakika 20, misimamo na hatua za mbele tu. Mizunguko msiifanye mchangani, kwa kuwa mguu huzama na goti ndilo linalozunguka badala ya unyayo. Mkimaliza, hamieni ardhi ngumu mfanye kata nzima mara mbili, ili miguu ikumbuke urefu wake wa kweli.